Jeni ya TP53 na Gorogoro ya Mahindi

Mwaka 1960, Kenya ikiwa bado koloni, maelfu ya vifaranga wa bata walikufa katika Bonde la Ufa baada ya kulishwa chakula chenye karanga zilizoota ukungu. Mwaka huohuo, kule Uingereza, batamzinga zaidi ya 100,000 walikufa kwa maradhi ambayo madaktari wa mifugo hawakuyajua, wakayaita tu Ugonjwa X. Walipopasuliwa, maini yao yalikuwa yameharibika vibaya. Chanzo kikafuatiliwa hadi kwenye mashudu ya karanga yaliyotoka Brazil, na ndani ya mashudu hayo ikapatikana kuvu iitwayo Aspergillus flavus. Sumu inayotolewa na kuvu hiyo ndiyo tunayoiita leo aflatoksini, au sumukuvu.

Tangu hapo ilijulikana kwamba sumu hii huua ini. Haikujulikana hasa inalishambulia wapi, na jibu lilikuja baada ya miaka 31. Mwaka 1991, jarida la Nature lilichapisha katika toleo moja ripoti mbili zilizoandikwa na makundi mawili tofauti. Kundi moja lilichunguza uvimbe wa wagonjwa wa saratani ya ini kutoka kusini mwa Afrika, jingine wa wagonjwa kutoka Qidong, wilaya ya mashariki mwa China ambako watu walikuwa wakila mahindi kwa wingi. Makundi yote mawili yalikuta kasoro ya aina ileile, katika jeni ileile, mahali palepale. Kati ya wagonjwa 16 wa Qidong, 8 walikuwa nayo. Jeni hiyo ni TP53, na kasoro yenyewe ilikuwa herufi moja tu iliyobadilishwa.

Habari hii imeandikwa mara nyingi katika majarida ya kisayansi, na nadra sana kwa lugha ambayo mnunuzi wa mahindi pale Longonot anaweza kuisoma. Nami naona yeye ndiye mwenye haki ya kwanza ya kuisoma.

Ukisafiri kutoka Mai Mahiu kuelekea Naivasha, Mlima Longonot unakaa upande wako wa kushoto, volkano ya mita 2,776 yenye kreta iliyozungukwa na ukingo mkali ambao watalii hulipa kuuzunguka kwa miguu. Chini yake kuna kituo cha biashara, stesheni ya reli ya zamani, na mashamba madogo ya mahindi na maharagwe yaliyolimwa juu ya udongo wa majivu ya volkano. Mvua hapa haina ahadi. Kuna misimu mahindi yanakaukia shambani yakiwa yamefika kiunoni, na kuna misimu yanakomaa vizuri kisha mvua za vuli, za Oktoba hadi Desemba, zinayakuta yangali kwenye mabua au yametandazwa kwenye turubai uani.

Tazama mnunuzi akisimama mbele ya gunia lililofunguliwa mdomo. Anachota konzi moja, anapuliza makapi, anachagua punje moja.

“Haya yamekauka, mama?”

“Yang'ate usikie, mwanangu.”

Anaing'ata kwa jino la pembeni. Ikipasuka kwa mlio mkavu, anatoa mfuko na kupimiwa gorogoro mbili tatu, yale makopo ya kupimia nafaka. Ikibonyea, anasonga kwa muuzaji wa pili. Kipimo hiki cha jino ni cha maana kuliko wengi wanavyodhani, kwa sababu unyevu ndio unaoikaribisha kuvu ghalani. Mahindi yanapotolewa shambani huwa na unyevu wa asilimia 20 au zaidi, na hayafai kuhifadhiwa hadi yashuke kufikia asilimia 13.5. Lakini jino halionji sumu. Aflatoksini haina ladha, haina harufu, haina rangi inayoonekana kwa macho katika unga. Punje inaweza kuwa kavu kabisa leo na bado ikawa imebeba sumu iliyoachwa na kuvu iliyomea miezi miwili iliyopita. Na moto wa sufuria hauimalizi: ugali huiva, githeri huiva, uji huchemka, sumu nyingi ikibaki mlemle.

Mwili wetu una ulinzi wake dhidi ya madhara ya namna hii, na hapo ndipo TP53 inapoingia.

Kila seli ya mwili ina maandishi ya urithi, DNA, yenye herufi zipatazo bilioni 3 za aina nne tu: A, C, G na T. Maandishi haya hupata majeraha kila siku, maelfu kwa maelfu katika kila seli, kutokana na jua, moshi, kemikali, na hata kutokana na hewa tunayovuta na kuitumia. Mengi hutengenezwa bila sisi kujua. Hatari huja seli inapotaka kugawanyika ikiwa na jeraha ambalo halijatengenezwa, kwa maana itanakili kosa na kulirithisha kwa seli zote zitakazotokana nayo.

Kwa hiyo kuna vizuizi njiani. Anayesafiri katika barabara kuu ya Nairobi kwenda Nakuru anaijua mizani ya Gilgil: kila lori la mizigo huingia, hupimwa, na lililozidisha uzito huzuiwa pembeni mpaka mzigo upunguzwe. TP53 hufanya kazi ya namna hiyo ndani ya seli. DNA ikikatika, protini za ukaguzi kama ATM na CHEK2 hupiga kengele. Protini ya p53, ambayo ndiyo zao la jeni hii, hujaa ndani ya seli na kuwasha jeni nyingine, mojawapo ikitoa protini ya p21 ambayo husimamisha mgawanyiko. Seli husubiri. Mafundi wa DNA hufanya kazi yao. Wakifaulu, seli huruhusiwa kuendelea na safari. Wakishindwa, p53 hutoa amri ya pili ambayo mizani ya Gilgil haina: seli ijiue yenyewe, ife peke yake kabla haijazaa kosa. Katika siku za amani, protini nyingine, MDM2, huhakikisha p53 inabaki kidogo tu, maana ikizidi bila sababu ingeua hata seli zenye afya.

Ilichukua muda kuelewa kwamba huyu ni mlinzi. Protini ya p53 iligunduliwa mwaka 1979 na makundi kadhaa kwa wakati mmoja, miongoni mwao lile la David Lane na Lionel Crawford huko London na lile la Arnold Levine huko Princeton. Kwa takriban miaka kumi wanasayansi waliamini kwamba jeni hii husababisha saratani, kwa sababu waliikuta kwa wingi ndani ya uvimbe. Kumbe walikuwa wakitazama nakala zilizokwisha haribika. Mwaka 1989 utafiti wa kundi la Bert Vogelstein huko Baltimore, pamoja na wa kundi la Levine, ulibadilisha picha: jeni nzima huzuia saratani, na ni kuharibika kwake kunakoifungulia mlango. Mwaka 1992 Lane akaiita mlinzi wa jenomu. Leo inajulikana kwamba takriban nusu ya saratani zote za binadamu zina kasoro katika TP53. Hakuna jeni nyingine inayokutwa imeharibika mara nyingi hivyo.

Sasa rudi kwenye punje ya mahindi yenye ukungu. Ukishaila, aflatoksini hupelekwa na damu hadi kwenye ini, na ini, kwa nia njema kabisa, hujaribu kuivunja ili itoke mwilini. Vimeng'enya vyake huibadilisha kuwa umbo jipya ambalo ni kali kuliko sumu ya awali, na umbo hilo hujibandika kwenye herufi G za DNA. Mara nyingi jeraha hutengenezwa. Lisipotengenezwa, G husomwa vibaya na kuwa T. Katika kodoni ya 249 ya TP53, yaani neno la 249 kati ya maneno 393 yanayoandika protini ya p53, AGG hugeuka AGT. Asidi amino iitwayo ajinini hubadilishwa na serini. Kasoro hiyo moja inatosha kuifanya p53 ishindwe kushika DNA sawasawa, na isiposhika DNA haiwezi kuwasha jeni zinazosimamisha mgawanyiko. Kizuizi kinabaki, lakini askari wake ni kipofu.

Jambo linalonigusa zaidi katika kisa hiki ni kwamba alama hii husomeka. Sababu nyingi za saratani haziachi ushahidi wa wazi: huwezi kumwambia mgonjwa mmoja kwa uhakika kwamba ni kitu fulani kilichomletea maradhi. Aflatoksini huacha kitu kinachokaribia sahihi yake. Huko Gambia, mwaka 2000, watafiti walichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba kasoro ya kodoni 249 inaweza kupatikana hata katika DNA inayoelea ndani ya damu ya wagonjwa wa saratani ya ini, bila kukata kipande cha ini lenyewe. Tone la damu likaweza kueleza kilichokuwa sahanini miaka mingi nyuma.

Na Kenya haikuwa msikilizaji tu katika habari hii. Ng'ambo ya pili ya milima ya Aberdare, katika wilaya ya Murang'a, watafiti Frank Peers na Allen Linsell walifanya kazi ambayo bado inatajwa duniani kote. Hawakupima mahindi ya ghalani peke yake. Walikwenda nyumbani kwa watu na kuchukua sehemu ya chakula kilichokwisha pikwa, kutoka sahanini, tena na tena kwa misimu tofauti, wakakipima sumu. Kisha wakalinganisha na idadi ya wagonjwa wa saratani ya ini kutoka maeneo hayohayo. Murang'a inafaa sana kwa kazi ya aina hiyo kwa sababu ni mteremko: juu ni baridi karibu na msitu, chini ni joto kuelekea nyanda. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 1973, yalionyesha kwamba kadiri walivyoteremka ndivyo sumu ilivyoongezeka kwenye chakula, na ndivyo saratani ya ini ilivyoongezeka kwa watu.

Miaka kumi baadaye, 1983, kundi la Herman Autrup likishirikiana na watafiti Wakhisi na Wasunna wa hapa Kenya lilichunguza mkojo wa watu wa Murang'a na kukuta ndani yake dalili za aflatoksini iliyojibandika kwenye herufi G. Hii ilikuwa kabla dunia haijajua chochote kuhusu kodoni 249. Yaani sehemu ya kwanza ya mnyororo, sumu kushika DNA ya mtu aliye hai, ilionekana katika mkojo wa wakulima wa Kenya, watu waliokula ugali na githeri kama wewe na mimi. Sijui kwa nini watoto wetu hawafundishwi jambo hili shuleni pamoja na yale ya Gregor Mendel na njegere zake.

Jina la Wakhisi linaonekana tena katika utafiti uliochapishwa mwaka 2011, safari hii ukihusu Bonde la Ufa lenyewe. Ulichunguza TP53 katika uvimbe wa saratani ya umio, ile ambayo watu wengi huiita saratani ya koo, na ukakuta kasoro za jeni hiyo kwa baadhi ya wagonjwa. Saratani ya umio ni msiba wa pekee wa Bonde la Ufa. Hospitali ya Tenwek kule Bomet imeripoti kwa miaka mingi wagonjwa wenye umri mdogo mno, wengine hawajafika miaka 30, katika maradhi ambayo kwingineko duniani ni ya wazee. Hapa hakuna kisababishi kimoja kilichoacha sahihi yake kama aflatoksini inavyofanya kwenye ini. Kunywa chai ikiwa moto sana kumehusishwa, na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, lilitangaza mwaka 2016 kwamba vinywaji vyenye joto la zaidi ya nyuzi 65 huenda vinasababisha saratani. Pombe, tumbaku na moshi wa jikoni vimo pia katika orodha ya washukiwa. Lakini mlango unaovunjwa ni uleule.

Turudi kwenye mahindi. Kwa haki, Longonot haimo katika maeneo yaliyoathirika zaidi. Usiku wa hapa ni wa baridi, na Aspergillus flavus hupenda joto na mimea iliyodhoofishwa na kiangazi. Damu iliyokusanywa katika uchunguzi wa kitaifa wa UKIMWI wa mwaka 2007 ilikuja kupimwa aflatoksini baadaye, sampuli zipatazo 600 kutoka mikoa yote. Asilimia 78 zilikuwa na alama ya sumu hiyo. Mkoa wa Mashariki uliongoza, ukifuatwa na Pwani. Bonde la Ufa lilikuwa miongoni mwa mikoa yenye viwango vya chini. Hilo ni jambo la kushukuru.

Tatizo ni kwamba gorogoro haijui mipaka ya mikoa. Shamba la Longonot likikosa mvua, na hukosa mara nyingi, mahindi yanayouzwa pale hutoka kokote lori lilikoyapata: Trans Nzoia, Narok, Ukambani, Uganda au Tanzania. Yamefungwa katika magunia ya plastiki ambayo hayapumui, yamelala chini ya turubai siku kadhaa, yamechanganywa na mengine njiani. Mnunuzi hawezi kujua asili yake. Mwenye duka mara nyingi hajui pia. Mnamo Machi 2021 mamlaka ya kilimo ya Kenya ilisimamisha ghafla uagizaji wa mahindi kutoka Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu, kisha baada ya siku chache ikayaruhusu kwa masharti. Ilileta zogo la kibiashara kati ya majirani, na katika zogo hilo swali la nani anayapima mahindi yetu wenyewe likapotea.

Tunaifahamu sumu hii hasa inapoua kwa haraka. Mwaka 2004, katika Makueni, Kitui na wilaya za jirani, watu 317 waliugua na 125 wakafa, macho yakiwa ya manjano na matumbo yamejaa maji. Ulikuwa mmoja wa milipuko mibaya zaidi ya sumu ya aflatoksini kupata kuandikwa duniani. Wachunguzi walichukua sampuli 350 za mahindi na mazao yake sokoni. Zaidi ya nusu zilizidi kiwango kilichoruhusiwa wakati huo, cha sehemu 20 kwa kila bilioni, na asilimia 7 zilizidi 1,000. Yalikuwa ni mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa mabichi, mengi yakiwa yamewekwa ndani ya nyumba kwa hofu ya wezi kwa sababu njaa ilikuwa imebisha hodi.

Magazeti yaliandika, serikali ikachoma magunia, mvua ikanyesha, tukasahau. Lakini anayekula sumu kidogo kila siku kwa miaka 20 hapigwi picha. Haanguki. Anaendelea kulima, anaendelea kubeba mzigo, na ndani ya ini lake herufi moja inabadilishwa katika seli moja. Halafu siku moja, akiwa na umri wa miaka 40 au 50, anaanza kukonda na kusikia uzito chini ya mbavu za kulia, na anapofika hospitali uvimbe umeshakuwa mkubwa. Nakuru sasa ina kituo cha saratani chenye tiba ya mionzi, na hiyo ni hatua kubwa kwa watu waliokuwa wakilazimika kulala Nairobi wakisubiri zamu. Saratani ya ini, hata hivyo, ikichelewa kugunduliwa haisikii dawa kwa urahisi popote duniani.

Kuna mshirika wa aflatoksini ambaye lazima atajwe, nacho ni kirusi cha homa ya ini aina ya B. Utafiti uliofanywa Shanghai miaka ya mwanzo ya 1990 ulionyesha kwamba aliyekula aflatoksini peke yake alikuwa na hatari ya saratani ya ini mara tatu hivi ya mtu wa kawaida, mwenye kirusi peke yake mara saba, na aliyekuwa na vyote viwili zaidi ya mara 50. Kirusi hulifanya ini livimbe na kulazimika kuzalisha seli mpya mfululizo. Sumu hupofusha kizuizi ambacho seli hizo mpya zinapaswa kupitia. Kenya ilianza kuwachanja watoto wote dhidi ya homa ya ini B mwaka 2001. Waliozaliwa kabla ya hapo, na hao ndio watu wazima wengi tulionao, hawakuipata utotoni. Mtu mzima anaweza kupimwa na kuchanjwa, na ningemshauri kila msomaji aulize kituo chake cha afya.

Niseme neno kuhusu tembo, kwa sababu bonde hili na milima inayolizunguka ni nchi yao tangu zamani. Binadamu ana jozi moja ya TP53, nakala ya baba na nakala ya mama. Mwaka 2015 watafiti wa Marekani walitangaza kwamba tembo wa Afrika ana jozi 20, ingawa nyingi kati ya hizo ni nakala fupi zisizokamilika. Mnyama mwenye mwili mkubwa vile na maisha marefu vile angetarajiwa kuugua saratani kila mara, na haugui. Seli zake zikipigwa mionzi hujiua kwa wingi kuliko zetu, hazisubiri kubahatisha. Sisi hatukupewa akiba hiyo. Anayezaliwa na nakala moja mbovu, kama ilivyo katika familia zenye ugonjwa wa Li-Fraumeni, huwa katika hatari ya saratani tangu utotoni. Ndiyo maana kinachoingia sufuriani kinatuhusu sana.

Nyumbani yapo mambo yanayofanyika bila mashine. Maafisa wa kilimo hufundisha kipimo cha chumvi: chukua chupa ya kioo iliyo kavu, tia konzi ya mahindi na kijiko cha chumvi kavu, funika, tikisa kwa dakika chache, kisha uache itulie. Chumvi ikiganda kwenye kioo, mahindi bado yana unyevu mwingi na yarudi juani. Yaanikwe juu ya turubai, kamwe yasigusane na udongo, kwa kuwa udongoni ndiko kuvu inakoishi. Yahifadhiwe juu ya mbao, mbali na ukuta, au katika mifuko ya kisasa isiyopitisha hewa. Na yachambuliwe kabla ya kusagwa. Kazi hii ya kukaa na ungo na kutoa punje zilizovunjika, zilizobadilika rangi na zilizotobolewa na wadudu, ambayo mama zetu waliifanya bila kuambiwa, huondoa sehemu kubwa ya sumu, kwa kuwa sumu hukusanyika katika punje chache zilizo mbovu. Wakamba wanaokoboa mahindi kupata muthokoi wanaipunguza zaidi.

Kisha ziende wapi punje mbovu? Mara nyingi kwa ng'ombe au kuku. Katika eneo la maziwa kama hili la Naivasha na Longonot, hapo ndipo ningeomba tusimame. Ng'ombe akila aflatoksini huigeuza na kuitoa katika maziwa kwa jina la aflatoksini M1, nayo haiondolewi kwa kuchemsha. Punje iliyotolewa mdomoni mwa baba humrudia mtoto kikombeni. Zizikwe au zichomwe, hata kama inauma kutupa chakula.

Lakini sikubali mzigo wote uachiwe ungo wa mama. Sheria ipo: unga na mahindi yanayouzwa Kenya hayapaswi kuzidi sehemu 10 za aflatoksini kwa kila bilioni, na sehemu 5 kwa aina iliyo kali zaidi, B1. Novemba 2019 shirika la ubora, KEBS, lilisimamisha chapa tano za unga wa paketi kwa kuvunja kiwango hicho, na nchi nzima ikasikia. Unga wa paketi una anayeufuatilia. Mahindi ya gorogoro, yanayopelekwa poshomili na mtoto aliyebeba debe, hayapiti maabara yoyote kabla ya kuingia sufuriani, nayo ndiyo chakula cha walio wengi. Wataalamu wa shirika la utafiti wa kilimo la Kenya, KALRO, na wenzao wa taasisi ya kimataifa ya IITA wameshatengeneza Aflasafe KE01, kuvu isiyo na sumu inayonyunyizwa shambani ili kuinyima nafasi ile yenye sumu, na inatengenezwa hapa nchini, Katumani. Serikali ilinunua vikaushio vya kuhamishika mwaka 2023. Mkulima wa ekari moja aliye na magunia manne hakodishi lori kuyapeleka kwenye kikaushio kilicho mbali. Kikaushio kinapaswa kumfuata. Na kipimo cha unyevu, kifaa kinachoshikika kwa mkono mmoja, kinapaswa kuwa katika kila soko la Kaunti ya Nakuru, mikononi mwa mtu anayelipwa kukitumia.

Kupunguza sumu kwenye chakula huleta matokeo, na ushahidi wake uko Qidong, kulekule nusu ya wagonjwa walikokutwa na kasoro ya kodoni 249. Katika miaka ya 1980 sera za China zilibadilika, watu wa Qidong wakaacha mahindi na kula wali. Alama za aflatoksini katika damu yao zikashuka mno. Vifo vya saratani ya ini vikafuata kushuka, hasa kwa vijana, na hata kwa wale waliozaliwa kabla chanjo ya homa ya ini B haijafika. Sisi hatutaacha ugali, wala hatuna haja ya kuuacha. Tunachohitaji ni mahindi makavu. Mtoto anayezaliwa Longonot mwezi huu atapata chanjo yake akiwa na wiki 6, 10 na 14, tarehe zikiwa zimeandikwa katika kijitabu cha kliniki na muuguzi anayemsubiri. Mahindi yatakayosagwa kupika uji wake wa kwanza bado hayana mtu aliyepewa kazi ya kuyapima.